Gari la Jeshi Likikwama, Nani Atalitoa

Kabla ya kusema lolote kuhusu gari, fundi mmoja wa Mandewa huingia chini yake. Rangi haimhusu, wala kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Hutandika gunia, hulala chali, hugonga springi kwa spana akisikiliza zinavyolia, hupapasa mfuniko wa difu kisha hunusa mafuta yaliyobaki vidoleni. Yakinuka kuungua, mwenye gari ataambiwa ukweli hata kama amelitoa mnadani jana. Wateja wake wengi ni watu wa namna hiyo: wamenunua gari chakavu la taasisi ya umma, wanataka lifufuke likabebe alizeti na vitunguu. Mtaani anaitwa Mzee tu. Wenzake wachache waliobaki, wakimpigia simu, bado wanamwita Afande.

Mandewa ni kata ya Manispaa ya Singida, mji wa majabali, mchanga na upepo, wenye maziwa mawili ya maji ya magadi, Singidani na Kindai, karibu kabisa na makazi ya watu. Ukitoka hapo unaweza kwenda Manyoni hadi Dodoma, au Katesh na Babati ukipita chini ya Mlima Hanang, au ukashuka Sekenke na kuingia tambarare za Wembere kuelekea Nzega. Leo njia zote hizo ni lami. Zamani kila moja ilikuwa na mtihani wake, na mgumu kuliko yote ulikuwa ule udongo mweusi wa Wembere, ambao mvua ikinyesha hujaa kati ya meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini pande zote na halishiki tena. Mtu aliyejifunza gari katika mkoa huu alijifunza mawe, mchanga na tope kwa pamoja.

Mzee alianza udereva jeshini miaka ya 1970, akajifunza ufundi humohumo, kwa sababu wakati ule dereva asiyejua kufungua karabureta alihesabiwa nusu dereva. Swali la gari la zamani na gari jipya huletwa gerejini kwake karibu kila siku, mara nyingi na vijana wenye kompyuta ndogo za kusomea hitilafu. Jibu lake halijawahi kuwa fupi, na huanzia mbali, kwa baba yake mdogo aliyepigana Burma.

Baba mdogo huyo alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni mwaka 1944 na kuuteka mji wa Kalewa Desemba 2. Aliporudi hakusimulia sana habari za risasi. Alisimulia matope, na alisimulia jeep. Gari hilo lilizaliwa kwa haraka. Mwaka 1940 Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo linalovuta kwa miguu yote minne. Kampuni ndogo ya Bantam ikaunda la mfano kwa siku 49, kisha Willys na Ford zikapewa kazi ya kulitengeneza kwa wingi. Hadi vita vinakwisha mwaka 1945 yalikuwa yametoka zaidi ya magari 600,000. Injini yake ilikuwa ya lita 2.2 na nguvu za farasi 60, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,100 hivi.

Kilo hizo ndizo zilizomkaa akilini Mzee, wakati huo kijana aliyekuwa akisikiliza. Likikwama gari la kilo 1,100, askari sita wanashika bampa na kingo za bodi, wanalinyanyua upande mmoja, wanatupia matawi chini ya tairi, safari inaendelea. Katika vita vilivyotangulia, vya 1914 hadi 1918, mzigo wa majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki ulipita kwenye vichwa vya watu, na Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba mpaka leo jina la kikosi cha wapagazi hao. Maelfu kwa maelfu walikufa njiani kwa maradhi na njaa. Kwa familia zilizokuwa na kumbukumbu hiyo, kigari kinachobeba robo tani kikapanda nayo mlima hakikuwa anasa hata kidogo. Kiliokoa migongo ya watu.

Land Rover ni mtoto wa jeep bila kificho. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep ya vita shambani kwake kisiwani Anglesey, Wales, akaona inachakaa na Uingereza haina gari la kuweka mahali pake. Aprili 1948 Land Rover yenyewe ikaonyeshwa Amsterdam. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, na shida hiyo ya Waingereza ikawa neema kwa watu wa pwani yetu, ambako chumvi hula mabati ya chuma. Chesisi ilibaki ya chuma, na ndiyo inayooza kwanza mpaka leo. Mtu anayenunua Land Rover kwa kutazama bodi amenunua nguo bila mvaaji. Ikaja Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961, Series III mwaka 1971. Kwa Mzee, na kwa madereva wengi wa serikali wa rika lake, gari lenyewe hasa ni lile refu, lenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma.

Moja limesimama uani kwake, Series III ya petroli. Vijana wakija kujifunza, huwapandisha humo kwanza. Sakafuni kuna vijiti vitatu. Kirefu ni cha gia za kawaida. Kifupi chenye kirungu cha njano, ukikikandamiza, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Chenye kirungu chekundu, ukikivuta nyuma gari likiwa limesimama, unaingia gia nzito, na mbele kunaungana kwenyewe bila kugusa cha njano. Kinachowatatiza wengi ni kurudi. Kirungu cha njano hakivutwi juu kwa mkono. Lazima upite kwenye nzito kwanza, kisha usukume chekundu mbele, na hapo cha njano huruka juu chenyewe. Mzee amekutana na vijiti vingi vilivyopindwa na watu wenye nguvu nyingi na subira kidogo, kwa hiyo hairuhusu injini iwashwe mpaka kijana arudie mfuatano huo kwa mdomo.

Kwa mbele, katikati ya bampa, kuna tundu. Hapo huingia hendeli. Betri ikifa, unachomeka, unaweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine ili hendeli ikirudi kwa nguvu isivunje mkono, unavuta kuelekea juu, na injini ya lita 2.25 inaitika. Kuvuka maji kuna utaratibu wake. Unalegeza mkanda wa feni ili feni isimwage maji juu ya waya za plagi na platini; unafunga skrubu chini ya nyumba ya klachi, skrubu ambayo siku za kawaida huachwa nje ili mafuta yanayovuja yadondoke. Ukifika ng'ambo unaifungua tena. Dereva aliyesahau alijua kosa lake kabla ya kilomita nyingi, klachi ilipoanza kuteleza.

Gari hilo lilimlazimisha mtu kuujua mwili wake wote.

Oktoba 30, 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na siku iliyofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Nchi haikuwa na magari ya kutosha kupeleka jeshi kutoka kila kona hadi mpaka wa kaskazini magharibi. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalikusanywa, madereva wa kiraia wakajikuta kwenye msafara na wanajeshi. Wahandisi wa jeshi la Tanzania, JWTZ, walijenga daraja la muda kuvuka Mto Kagera, na kila kilichopita hapo kilipimwa kwa uzito wake. Mzee alikuwa upande wa ugavi: kupeleka chakula, risasi na mablanketi, kurudi na majeruhi. Askari wengi wa miguu walitembea kwa miguu yao kweli, kutoka mpakani hadi Kampala.

Masaka ilikuwa imeshatekwa Februari 24, 1979. Usiku mmoja wa mvua, mahali kati ya mpaka na mji huo, 109 aliyokuwa akiendesha, ya toleo la IIA, ilikuwa ikijikokota kwenye tope na mzigo kupita kiasi. Kulisikika mlio mmoja mkavu chini, injini ikapandisha sauti, gari likasimama. Alijua kabla ya kushuka: shafti ya mguu wa nyuma imekatika. Ulikuwa ugonjwa unaojulikana wa ekseli hizo, na ndiyo sababu 109 za baadaye ziliwekewa difu kubwa zaidi nyuma, ile ya Salisbury.

Walikuwa wawili na tochi moja. Ekseli ya Land Rover imeundwa hivi kwamba gurudumu limekaa juu ya beringi zake lenyewe. Shafti inapita katikati kupeleka nguvu tu, haibebi gari. Kwa hiyo shafti ikitoka, gurudumu halidondoki. Walifungua boliti 6 za kitovuni, wakachomoa kipande cha nje, wakaziba tundu kwa kitambaa na ukanda wa mpira wa tairi ili tope lisiingie kwenye beringi. Kipande cha ndani kilikataa kutoka. Wakakiacha, wakafungua propela ya nyuma ili injini isiizungushe difu ikajitafuna, wakaifunga pamoja na mzigo. Kisha akakandamiza kirungu cha njano. Gari lenye ekseli mbili likawa la ekseli moja, la mbele, na likafika.

Kazi ile ilihitaji spana za kawaida, akili iliyofundishwa na mikono iliyowahi kufanya jambo hilo mchana. Mzee husisitiza hiyo ya mwisho. Jeshini walifunguishwa ekseli uwanjani, jua likiwa juu, tena na tena, mpaka wakachukia. Sababu ilikuwa barabarani. Ukiingia Lukaya, ambako vita vikali vilipiganwa Machi 10 na 11 dhidi ya Waganda na Walibya waliokuja kuwasaidia, barabara imepita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Gari moja likifa pale, yote yaliyo nyuma yake yanasimama, na hakuna pa kupita pembeni.

Mwaka 1983 Land Rover ilileta 110, yenye springi za koili na kuvuta kwa miguu yote minne muda wote. Madereva waliipenda tangu siku ya kwanza: haikurusha watu, breki za mbele zilikuwa za sahani, na katika mchanga haikungoja mtu akumbuke kirungu. Lakini ilikuja na somo. Kati ya mbele na nyuma kuna difu ya tatu inayogawa nguvu, na difu iliyo wazi hupeleka nguvu upande ulio mwepesi. Kwa hiyo shafti moja ya nyuma ikikatika, nguvu yote inakimbilia kwenye shafti iliyokatika, na gari zima linasimama kwenye barabara kavu ingawa magurudumu matatu ni mazima. Dawa ni kufunga difu ya kati kwa kijiti. Sekunde moja tu. Ila lazima ujue, na Mzee amewahi kuletewa 110 kwa kamba, nzima kabisa isipokuwa shafti hiyo, kwa sababu dereva hakuwa amewahi kuambiwa kazi ya kile kijiti cha pili.

Halafu ikaja enzi ya mkonga, jina ambalo Watanzania waliipa Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa. Nayo ina damu ya jeep. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, Toyota iliunda gari lililofuata mfano wa Kimarekani, na miaka mitatu baadaye likaitwa Land Cruiser. Toleo la 70 lilitoka mwaka 1984 na halijaachwa mpaka leo. Dunia ya kijeshi ililitazama upya gari la Kijapani mwaka 1987, wanajeshi wa Chad walipoliangusha jeshi la Libya kwa kutumia pikapu za Toyota zilizobeba makombora ya MILAN ya kupigia vifaru. Januari walichukua Fada, Machi wakachukua kambi ya Ouadi Doum. Vifaru vilibaki jangwani. Mzee alisikia habari hizo redioni na hakushangaa sana: Walibya hao ndio walioshindwa Lukaya miaka minane kabla, na jeshi lenye silaha nzito lisiloweza kugeuka haraka alikuwa ameshaliona kwa macho yake.

Mkonga anaousifu ni wenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo wala kompyuta ya kuamua kiasi cha mafuta. Pampu ni ya mitambo. Betri ikiwa dhaifu unasukuma, linawaka. Mafuta yakiwa ya dumu, yenye vumbi na maji kidogo, linakohoa, unasafisha chujio, linaendelea. Injini mpya za dizeli hupuliza mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia matundu membamba ya nozeli, na ndiyo maana zina nguvu, hazitoi moshi na hunywa kidogo. Mgandamizo huohuo ndio unaofanya punje ya uchafu isiyoonekana kwa jicho iharibu nozeli ya bei kubwa. Toyota yenyewe imeendelea kwa miaka mingi kuuza injini hiyo ya zamani katika nchi ambazo mafuta safi hayana uhakika, kwa mashirika ya misaada na kwa Umoja wa Mataifa. Mtengenezaji anajua gari lake linakokwenda.

Hata hivyo mtu akidhani Mzee ni mshabiki wa vya kale, amsikilize akizungumzia Sekenke. Kabla ya lami, mteremko ule ulikuwa makaburi ya malori. 109 ina breki za ngoma miguu yote. Zikipata moto kanyagio linazama, na zikilowa maji hazishiki mpaka zikauke. Sheria yake ilikuwa moja: shuka kwa gia ambayo ungepandia, na usiguse breki mpaka ulazimike. Usukani ni mzito, mikanda hakuna, taa zinaangaza hatua chache, na petroli inaondoka lita moja kwa kilomita tano au sita. Amezika marafiki waliouawa na magari waliyoyapenda. Gari jipya lenye breki za sahani, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge na mifuko ya hewa linaokoa watu kila siku bila vita yoyote, na anayelicheka kwa sababu lina nyaya nyingi hajawahi kushuka Sekenke na pedali iliyozama.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari yakakusanyika kutoka ndani na nje ya nchi. Mzee alikwenda kwa njia ya Katesh, akiwa abiria. Alifurahi. Lakini alirudi akiuliza zaidi juu ya vijana waliokuwa chini ya magari kuliko magari yenyewe: wangapi wanajua kupanga platini, wangapi wanajua kwa nini ekseli imekaa ilivyokaa.

Anayempinga vizuri kuliko wote ni mpwa wake, aliyewahi kuendesha magari ya kulinda amani Darfur na sasa anaishi mjini Singida. Kizazi cha mpwa kilikutana na vita vya namna nyingine. Julai 13, 2013 Watanzania saba wa kikosi cha UNAMID waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilivamiwa na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Mstari wa mbele haupo tena mahali pamoja. Dereva wa maji ya kunywa anaweza kuwa wa kwanza kupigwa.

"Mjomba," mpwa alimwambia jioni moja, mbele ya vijana wote wa gereji, "hiyo 109 yako ingekanyaga bomu la ardhini, tungekusanya nini?"

Mzee hakubisha. "Hapo umesema kweli, mwanangu," alijibu, na vijana waliotegemea mabishano wakabaki kimya.

Waingereza walilipia ukweli huo kwa damu. Land Rover yao iliyoongezewa kinga, Snatch, ilitengenezwa kwa ajili ya mitaa ya Ireland Kaskazini, kwa mawe na risasi. Ilipopelekwa Iraq na Afghanistan, kwenye mabomu ya kutegwa barabarani, askari 37 waliuawa ndani yake. Mahali pake Afghanistan, mwaka 2012, ikaingia Foxhound, yenye tumbo lililokunjwa kwa umbo la V ili mlipuko upasuke pembeni badala ya kupanda juu. Ina tani 7.5. Umbo hilo lilikuwa limefanyiwa kazi zamani kusini mwa Afrika. Casspir ya Afrika Kusini, yenye tumbo hilohilo, ilitumiwa na majeshi ya Afrika nchini Somalia. Marekani nayo ilitoka kwenye jeep ya tani moja, ikaenda Humvee ya tani mbili na ushei iliyoanza kutumika miaka ya 1980, na mwaka 2015 ikaichagua JLTV ya Oshkosh, yenye zaidi ya tani sita kabla ya watu na mizigo kuingia. Uhai wa askari ndio ulioongeza kila kilo hapo, na Mzee hana ugomvi na sababu hiyo.

Ugomvi wake uko kwenye shimo. Machi 2025 huko Haiti, ambako polisi wa Kenya walikuwa wakisaidia kupambana na magenge, gari la deraya lilikwama katika mtaro unaodhaniwa kuchimbwa na magenge hayo makusudi. Kikosi kilichokwenda kulinasua kikashambuliwa, na askari mmoja wa Kenya hakurudi. Gari la tani nyingi namna hiyo haliinuliwi na askari sita. Linahitaji gari jingine la uzito uleule au zaidi, nyaya za chuma, muda, na ulinzi wa kuwafunika wanaofanya kazi. Adui mwenye sururu amepata njia ya kulisimamisha bila baruti. Wale waliopanga ununuzi wa magari mazito na kusahau kununua la kuyavuta, au kusahau kumfundisha dereva kupima upana wa mtaro kwa miguu kabla ya kuuingia, wamenunua nusu ya kinga. Hilo Mzee hulisema kwa sauti ya juu, na mpwa hukubali.

Kinachomuuma zaidi ni mafunzo. Gari la zamani lilifunguka mbele ya askari yeyote. Jipya hufungwa kwa namba za siri, na mara nyingi fundi wa kikosi hupewa kompyuta inayosema kifaa gani kibadilishwe bila kumwambia kimekufa kwa nini. Anaamini jeshi la nchi kama yetu lisikubali hivyo. Mkataba wa magari uandikwe pamoja na vitabu vya ufundi, vifaa vya kusomea hitilafu na ruhusa ya kuvitumia, la sivyo siku uhusiano na muuzaji ukiharibika magari yatakuwa mapambo. Waliokuwa jeshini miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka, wanakumbuka magari yaliyosimama kwa kukosa kipuri cha ukubwa wa kiganja. Land Rover zilizoendelea kutembea wakati ule zilitembea kwa sababu ziliweza kula viungo vya wenzao waliokufa, na kwa sababu Thika, Kenya, kulikuwa na kiwanda kinachoziunganisha.

Ndipo mazungumzo ya gerejini hufika Kibaha, kwenye kituo cha teknolojia ya magari cha jeshi ambacho watu wote hukiita Nyumbu, kilichoasisiwa kwa nia ya Tanzania kuunda gari lake na kikaunda lori. Mjomba na mpwa wana gari lao wanalotaka Nyumbu ilitengeneze, na wamelichora kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Limeanzia kwenye chesisi ya Land Cruiser 79, injini ya pampu ya mitambo, ekseli ngumu mbele na nyuma, difu za kufunga. Breki za kisasa. Mzee ameandika hilo mwenyewe na kupigia mstari.

Tatizo ni sakafu. Mpwa anataka sahani ya chuma chini ya watu. Haitazuia bomu lililotengenezwa kuharibu kifaru, anasema, lakini itazuia vipande na mabomu madogo. Chuma cha unene wa milimita moja kina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya watu ni mita tatu za mraba, sahani wanayotaka ni ya milimita 8; hizo ni kilo 190 hivi. Ikikunjwa kwa umbo la V, digrii 45 kila upande, eneo linaongezeka na uzito unafika karibu kilo 270. Watu pia wanakaa juu zaidi, na gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Chesisi hiyo inabeba tani moja hivi. Toa chuma, toa askari wanne na vifaa vyao kwa kilo 100 kila mmoja, zinabaki kilo 330 za maji, risasi, mafuta ya akiba na tairi.

Mpwa anataka kilo hizo ziende kwenye milango. Mzee anataka vinchi ya mbele na springi mbili za ziada kila upande wa nyuma, kwa sababu kikosi kitakachopewa gari hilo kitapita tope kama lile la Wembere ya zamani masika kikiwa na gari moja tu. Kwa sasa ukutani kuna michoro miwili, mmoja wenye milango minene na mwingine wenye vinchi, na vijana wa gereji wamegawanyika nusu kwa nusu.